Kichwa cha Saa Kumi na Moja

"Hiki kichwa umesukwa na nani, mwenzangu, au uliangukiwa na ukuta?"

Meneja wa kliniki ya meno aliuliza hivyo mbele ya wagonjwa watatu walioshika mashavu yao, na mmoja wao, pamoja na jino lake, akacheka. Mpokezi alichukua karatasi za miadi akazigongagonga mezani zikae sawa, ingawa zilikuwa sawa tangu asubuhi. Upande wa kushoto mistari ya nywele zake ilikwenda nyuma vizuri, midogo, iliyonyooka. Upande wa kulia ilianza vizuri, ikapinda, miwili ikagongana njiani, na mmoja ukaishia juu ya sikio, umeachwa hapo.

"Nimesukwa nyumbani," akasema.

"Basi huko nyumbani waambie kwamba mgonjwa akiingia, wewe ndiye wa kwanza kuonekana. Akikukuta hivyo atajiuliza kama na meno yake tutayang'oa kwa mtindo huohuo."

Angeweza kusema ukweli na huenda angehurumiwa. Hakusema. Kuna watu wakishaanza kukuhurumia hawana breki, na yeye alikuwa na kazi ya kulinda. Alivaa kilemba, meneja akasema vilemba haviruhusiwi mapokezi, akakivua. Siku ikaendelea.

Ukweli ni huu: kichwa kile kilikuwa kimesukwa na mama mkwe wake. Kwa miaka thelathini mama huyo alikuwa msusi, tena si msusi wa kubahatisha. Wanawake walikuwa wakitoka mitaa ya mbali na kupita saluni nyingine saba ili wakakae chini yake, wakamwita Mama Vidole. Sasa Mama Vidole hakujua mwaka, hakujua kama amekula, na mwanawe wa kumzaa, mume wa mpokezi, ambaye ni fundi wa mafriji, mama alimwita "fundi" kama anavyoitwa na watu wa barabarani. "Fundi, limepona?" angemuuliza kila akiingia na mkoba wake wa vifaa. "Limepona, mama," fundi angejibu, halafu angekwenda bafuni akafungulia maji na kukaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono.

* * *

Mambo ya kusuka yalianzia kwenye kliniki ya wazee. Muuguzi wa pale, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa na chumba cha nyuma ambamo wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliimba, wakakunja nguo, wakapanda miche kwenye makopo. Mzee mmoja aliyekuwa karani alipewa mhuri na karatasi tupu, akagonga mihuri asubuhi nzima kwa raha zake. Mama Vidole hakuimba wala hakukunja. Alitazama tu, kama mtu aliyekaa kwenye msiba asioujua ni wa nani.

Siku ya nne mkwe wake, yule mpokezi, aliinama kumfunga kamba za viatu. Mikono miwili ikashuka kichwani mwake. Ikapapasa, ikagawa nywele katikati kwa ukucha, ikashika. Kisha mdomo ambao wiki nzima ulikuwa haujatoa neno la maana ukaimba, kwa sauti ya mwanamke kijana:

*Tulia, bibie, tulia,*
*kichwa hakina haraka,*
*anayekungoja atangoja,*
*hujapendeza bado.*

Ulikuwa wimbo aliojitungia mwenyewe zamani kwa wateja wasiotulia. Muuguzi aliinua kidole chumba kizima kikanyamaza, hata karani akasimamisha mhuri.

"Nisikudanganye," muuguzi alimwambia mkwe baadaye kwenye korido. "Huku si kupona. Atazidi kusahau. Ila mikono yake bado inamjua yeye ni nani, na hiyo ndiyo iliyobaki. Mpe kichwa kila siku, saa ileile, na wimbo uleule. Ukiiacha ilale, itasahau na yenyewe, na ikisahau haitarudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kila siku, narudia. Usiseme leo nimechoka."

Basi kila siku saa kumi na moja jioni, akitoka kazini kabla hajanywa hata maji, mkwe alikaa chini kati ya magoti ya mama mkwe wake. "Karibu mteja," Mama Vidole angesema. "Wewe ni mtoto wa nani vile?" Kisha alisuka, akaimba, akamsengenya mteja ambaye huenda alishakufa miaka ishirini nyuma, akampiga mkwe kofi dogo la bega: "Shingo! Nimesema shingo!" Baada ya hapo alikula. Baada ya kula alilala. Siku moja tu mkwe alichelewa saa nzima kwa sababu ya foleni ya magari, akamkuta mama yuko barabarani peku, anawauliza wapita njia saluni imehamia wapi. Hakuchelewa tena.

Alilipa kwa nywele zake. Alisukwa jioni, akafumua alfajiri na kujaribu kurekebisha, akasukwa tena jioni. Kufika mwezi wa tatu, nywele za pembeni mwa paji zilikuwa zimekatika na ngozi inang'aa. Mume alimtazama mezani akasema, "Umebadilisha mtindo? Umekupendeza." Wanaume jamani.

Muuguzi alimwazima kichwa cha sanamu, kile cha plastiki chenye nywele za bandia wanachojifunzia wasusi. Mama Vidole alikipapasa, akakiondoa magotini kwa heshima, akakifunika kwa taulo. "Huyu hana joto," akasema. "Waiteni ndugu zake." Ikabidi mkwe aombe vichwa vya watu. Jirani mwenye genge la mboga alikubali, na rafiki yake akakubali, kila mmoja siku mbili kwa wiki, ili nywele za mkwe zipate kupumua. Na yule wa genge, kwa nia njema kabisa, akajirekodi kwa simu huku anasukwa, akairusha video mtandaoni akiandika: *Bibi yetu, miaka 76, bado moto!*

* * *

Dada mkubwa alikuja siku iliyofuata, simu mkononi, hata viatu hakuvua. Huyu ni binti wa kwanza wa Mama Vidole, msimamizi wa vyumba kwenye hoteli kubwa, mtu anayeweza kuona kunyanzi la shuka kutoka mlangoni. Watoto wa nyumba ile walimwita Shangazi Hakimu, na si kwa siri sana.

"Shikamoo dada," mkwe akasema.

"Wifi, umemfungulia mama saluni?"

"Si saluni, dada. Ni tiba. Muuguzi wa..."

"Tiba!" Akaanza kusoma maoni ya watu kwenye simu kwa sauti, neno kwa neno. "'Jamani bibi wa watu, hawana huruma.' 'Watoto wake wako wapi?' 'Wanamfanyisha kazi hadi kaburini.' Watoto wake wako wapi, wifi! Wafanyakazi wangu wanaisoma hii. Mama kaumia vidole miaka thelathini ili sisi tusome, leo unamkalisha uani awasuke wake za watu, unaita tiba?"

"Asiposuka halali, dada. Hali chakula. Njoo saa kumi na moja ukae uone."

"Na huyu wa genge analipa nini?"

"Hakuna anayelipa. Alileta nyanya siku moja, nikamkataza."

"Kumbe analipa nyanya."

Mkwe alimgeukia mumewe. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anazungusha bisibisi mkononi. "Mwambie," mkwe akasema. "Mwambie alivyokuwa kabla, na anavyolala sasa. Wewe unaona."

Fundi alimtazama dada yake, aliyemlipia ada ya chuo cha ufundi, aliyemnunulia mkoba wa kwanza wa vifaa. "Mimi jioni mara nyingi niko kazini," akasema. "Labda mama apumzike kidogo, si mbaya."

Kisha dada mkubwa akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Wifi, tutengenezee chai, sisi tuongee. Wewe umemhudumia, Mungu akulipe. Lakini huyu ni mama yetu."

Akaenda. Aliwasha jiko, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi, akawasikia ukutani wakigawana mama yake. Maana alikuwa mama yake pia, na hilo nalisema wazi kwa kuwa yeye hakulisema: wa kumzaa alikufa yeye akiwa mtoto, na tangu aolewe hakuna mikono mingine iliyowahi kumshika kichwa. Aliporudi na sinia, dada mkubwa alikuwa tayari amesimama. "Tumeshaamua," akasema.

Chumbani walifungasha nguo wote wawili bila kutazamana. Dada mkubwa alikunja magauni ya mama kihotelihoteli, mikono ndani, kola juu. Ghafla akaacha.

"Wewe hujui," akasema, sauti imeshuka. "Vidole vile vilisuka mji mzima. Mimi nilikwenda shule kichwa kichaka, binti wa msusi, darasa zima wananicheka, mpaka nikaenda mwenyewe kwa kinyozi nikanyolewa. Miaka kumi nilikuwa nayo. Mama alirudi jioni akakuta kipara, hakusema kitu, akaenda kulala. Simlaumu. Alikuwa amechoka. Lakini sitaki kuviona vile vidole vikifanya kazi tena. Sitaki. Kwangu atakaa kama malkia."

Mkwe aliandika kwenye karatasi: saa kumi na moja, maneno ya wimbo, namba ya muuguzi. Dada mkubwa aliikunja bila kuisoma, akaiingiza mkobani. Mlangoni Mama Vidole alimshika mkwe mkono, akampungia kwa adabu ya kibiashara. "Leo nina safari, mteja. Usiende kwa mwingine."

"Siendi," mkwe akasema.

* * *

"Mwache azoee kwanza," ndivyo dada mkubwa alivyojibu kila walipoomba kwenda. Wiki ya kwanza alisema mama anakula vizuri. Wiki ya pili alisema amechomoa nyuzi za pazia la sebuleni, zote, uzi mmoja mmoja. Baadaye akasema mhudumu aliyeajiriwa kumwangalia ameondoka kwa sababu ya kuvutwa nywele, na mpya anakuja kesho. Wiki ya tatu alisema tu, "Amelala," kila saa waliyopiga.

Mkwe alimpigia muuguzi. Muuguzi alimpigia dada mkubwa, akaambiwa asante, tuna daktari wetu. Na saa kumi na moja ilikuwa ikifika kila siku kama kawaida yake. Mkwe alikuwa akikaa uani, mikono haina kazi, kichwa hakina kazi.

Kazini meneja alisimama mbele ya meza ya mapokezi akamkagua. Mistari ya saluni ya kulipia, imenyooka kama reli, na vinywele vichanga vimeanza kuota pembeni. "Enhee! Sasa unaona? Kumbe ulikuwa mrembo unajificha." Mpokezi alisema asante. Alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia akiwa ameuma kitambaa ili wagonjwa wasisikie.

Jumapili ya nne hawakuomba ruhusa. Walikwenda tu.

Sebule ya dada mkubwa ilikuwa na vigae vinavyoteleza na kiti cha ngozi kinacholala nyuma. Kwaya iliimba kwenye televisheni kwa sauti ya juu, maana daktari alishauri muziki na dada mkubwa si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Ilikuwa ikiimba tangu saa moja asubuhi. Mama Vidole alikuwa kitini. Amepungua. Kichwani kafungwa kitambaa cheupe, na mikononi kavalishwa soksi, nene, za kiume, zimezungushiwa plasta kwenye vifundo.

"Dada," mkwe akasema. "Hizi ni nini?"

"Usianze, wifi."

"Ni nini?"

Dada mkubwa alifungua kitambaa cha kichwani. Nywele nyeupe za Mama Vidole zilikuwa zimebaki mafungu mafungu, na kati yake ngozi ilikuwa na vidonda vilivyokauka. "Alikuwa anajing'oa mwenyewe," akasema. "Usiku na mchana. Nilimshika mikono mpaka nikachoka. Ningefanyaje? Niambie wewe unayejua, ningefanyaje?"

Fundi, ambaye hakuna mtu aliyemtarajia, aliweka mkoba chini, akapiga magoti mbele ya mama yake, akatoa kisu kidogo na kukata plasta taratibu kama anayekata waya wenye umeme. Soksi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Vidole vilikuwa vimekunjamana, vimelainika kwa jasho.

"Nilijua," fundi akasema bila kugeuka. "Siku ile uliponiambia niseme, mke wangu, nilijua analala vizuri. Nilimsikia akiimba, nilikuwa nasimama nje ya geti kumsikiliza kabla sijaingia. Nikasema niko kazini." Akashika mikono ile akaufunika nayo uso wake, analia kwa sauti bila aibu yoyote. Mama Vidole akamtazama kwa mbali. "Fundi," akasema, "limepona?"

Fundi alirudisha kisu mkobani, akasogea pembeni.

Mkwe alizima televisheni. Alikuwa ameshaanza kukaa chini, saa haijafika kumi na moja lakini nani anajali, dada mkubwa aliposema, "Ngoja. Niache mimi."

Alipeleka mkono nyuma ya sikio, akavua wigi, akaliweka juu ya meza ya kioo. Kila mtu alijua zile nywele ni za kununua. Chini yake kulikuwa na kichwa cha kunyoa, nywele fupi za kushikana na ngozi, zenye mvi, kichwa cha mtoto wa shule aliyezeeka. Yeye, msimamizi wa vyumba, alikaa kwenye vigae kati ya magoti ya mama yake, akainamisha shingo.

Mikono ikaja. Ilichelewa, lakini ikaja. Ilipapasa utosi, ikashuka hadi kisogoni, ikarudi. Ukucha ulitafuta pa kugawa, haukupata. Ilikaa pale muda mrefu.

"Hizi hazisukiki, bibie," Mama Vidole akasema hatimaye. Sauti ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa ya kazini. "Nenda, urudi zikiota. Sasa mpishe mwenzako, yeye anazo."

Dada mkubwa alisogea. Alijivuta kwenye vigae hadi pembeni, hakuinuka, na mkwe akakaa mahali pake.

Mkwe aliuanza wimbo yeye. *Tulia, bibie, tulia.* Vidole vilishika fungu la nywele, vikaligawa mara tatu, vikasuka pingili moja, ya pili, ya tatu. Vikaachia. Vikaanza tena. Mikono iliyokuwa ikimaliza kichwa kizima kabla chai haijapoa, sasa nusu saa ilipita ikiwa bado iko kwenye mstari mmoja wenye urefu wa kijiti cha kiberiti, ikiufumua na kuurudia, na kila mara ikisahau mapema zaidi. Mkwe aliuhisi usahaulifu ule ngozini mwake. Alikumbuka maneno ya muuguzi na akajua wamechelewa, na bado akaendelea kuimba, maana angefanya nini kingine?

"Nani huyo analia?" Mama Vidole akauliza.

"Ni binti yako, mama," mkwe akasema.

"Binti yangu mimi? Wewe. Binti yangu yuko nyumbani." Vidole vikatafuta mstari, vikaukosa. "Wiki nzima hajasukwa, maskini, na kesho shule. Nikimaliza hiki kichwa chako naondoka. Leo sichukui mteja mwingine. Leo zamu yake."

Dada mkubwa aliufuta uso kwa kiganja. "Ukimkuta ameshalala?"

"Nitamwamsha."

"Hajalala, mama," dada mkubwa akasema. "Amekaa kitandani anakusubiri."

Mama Vidole aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye pingili ya kwanza.

"Basi mkimbilieni mmwambie asinyoe," akasema. "Nakuja."